Kinachopungua Kapuni Si Elimu

Hotuba kwa maafisa lishe, wahudumu wa afya na wasimamizi wa miradi ya chakula

Mwenyekiti, waheshimiwa wageni, maafisa lishe, wahudumu wa afya ya jamii, na nyinyi kina mama mliokatiza shughuli zenu ili muwe nasi: asanteni kwa kunipa nafasi.

Nimeombwa niseme jinsi ya kuwasaidia wanawake wenye kipato kidogo wale matunda na mboga zaidi. Ni mada njema, ila ina mtego. Ukiitamka haraka, inasikika kana kwamba wako wanawake mahali fulani waliogoma kula matunda, na sisi tumekusanyika kupanga jinsi ya kuwabembeleza. Mabango mengi ya lishe yamechorwa kwa dhana hiyo: sahani ya rangi saba, mama anayetabasamu, na chini yake maneno ya kumhimiza ale matunda na mboga kila siku. Nani asiyejua hilo? Mwulize mama yeyote aliyempeleka mtoto kliniki kipi ni bora kwa mwanawe, chungwa au soda ya chungwa, halafu uone atakavyokutazama.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba mama huyo anajua, anapiga hesabu, na hesabu yake mara nyingi ni sahihi kuliko yetu. Tukitaka ale zaidi, kazi yetu ni kubadilisha vitu vinavyoingia katika hesabu hiyo: pesa, muda, na hasara ya chakula kitakachokataliwa mezani. Maneno yetu yana nafasi yake, na nitaifikia, lakini si nafasi ya kwanza.

Tuanze na lengo, tusije tukagombana baadaye kuhusu vipimo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kiasi hicho kwa kawaida hugawanywa katika vipimo vitano vya gramu 80. Viazi, muhogo na mizizi mingine ya wanga haihesabiwi humo. Watu wengi sana hawafikii gramu hizo, na wenye nacho wamo. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza: kwa nini tumekuja kumzungumzia mwanamke, tena mwanamke maskini?

Kwa sababu mwili wake unadai zaidi na mfuko wake unatoa kidogo. Mwanamke aliye katika umri wa hedhi, kwa viwango vya lishe vya Marekani, anahitaji miligramu 18 za madini ya chuma kwa siku. Mwanamume wa rika lake anahitaji 8. Akishika mimba mahitaji yanapanda hadi 27. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2019 ni kwamba karibu wanawake 3 kati ya kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Hao ni zaidi ya milioni 500.

Hapa nawaomba tuwe wakweli. Mboga za majani peke yake haziponyi upungufu wa damu. Chuma kilichomo kwenye mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, na anayemwambia mjamzito kwamba spinachi itatosha anampotosha. Lakini vitamini C husaidia mwili kukifyonza chuma hicho, ilhali chai na kahawa zikinywewa pamoja na chakula hukizuia. Basi mama asiyemudu nyama ana jambo la kufanya: chungwa au nyanya mbichi pamoja na maharage, na chai inywewe baadaye kidogo. Huo ni ushauri mdogo, unaomfaa mtu mwenye pesa kidogo, na bado ni nadra kuusikia. Bango la sahani ya rangi saba halina pa kuuweka.

Kuna foleti pia, ile vitamini ya kundi B ambayo kwenye vidonge huitwa asidi ya foliki. Mfereji wa neva, yaani ile sehemu ya kiinitete inayokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe. Wanawake wengi siku hizo hawajajua kama wameshika mimba. Foleti inapopungua wakati huo, hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi huongezeka, na chakula kizuri kilichoanza mwezi wa nne kimechelewa kwa jambo hilo. Ndiyo maana wanawake wanaotarajia kushika mimba hushauriwa kumeza mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, na mboga za majani, maharage na machungwa huongeza juu ya hapo. Havichukui nafasi ya kidonge. Nalitaja hili kwa sababu lina uzito katika namna ya kupanga miradi, na nitalirudia.

Faida nyingine mnazijua: nyuzilishe, presha, moyo. Sitapoteza muda wenu hapo.

Sasa tuingie kwenye hesabu ya mama. Ripoti ya mwaka 2020 ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kuhusu hali ya usalama wa chakula na lishe duniani ilionyesha kwamba mlo wenye afya hugharimu takriban mara tano ya mlo unaojaza tumbo kwa wanga peke yake. Ripoti ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 2.8 hawakumudu mlo wenye afya mwaka 2022. Hebu tuyaweke hayo jikoni. Mama ana pesa ya chakula cha leo, na watu kadhaa wa kulisha. Kwa pesa ileile, nafaka itawalaza wote wakiwa wameshiba, matunda yatawaacha wakiuliza chakula kiko wapi. Anachagua nafaka. Mtu hujikuna ajipatapo. Hakuna darasa la lishe linaloweza kumshinda mama huyu kwa hoja, maana hoja yake ni mtoto asiyelia njaa usiku.

Halafu ipo gharama isiyoonekana kwenye bei. Mwanasosholojia Caitlin Daniel, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2016, aliwahoji wazazi wa vipato mbalimbali katika eneo la Boston, Marekani, na kuwafuata wanaponunua chakula. Aliona kwamba wazazi wenye kipato kidogo huepuka kununua vyakula ambavyo watoto wanaweza kuvikataa. Wenye nacho hujaribu leo, mtoto akatema, wakajaribu tena wiki ijayo. Na watafiti wa tabia za kula za watoto wanatuambia kwamba chakula kipya huweza kuhitaji kuletwa mbele ya mtoto mara 8 hadi 15 kabla hajakikubali.

Nawaomba tukae hapa kidogo, kwa sababu nadhani ndipo kiini cha mambo kilipo. Mara 8 hadi 15! Kila mara ni chakula kilichonunuliwa, kikaoshwa, kikapikwa, kikaishia kwenye ndoo ya takataka, kisha kikafuatwa na chakula kingine cha kumshibisha yuleyule mtoto. Mwenye mshahara mnono haioni gharama hiyo. Kwa mama anayehesabu sarafu, ni kucheza kamari na chakula cha jioni. Anapomnunulia mtoto kile anachojua atakila, hata kiwe na sukari, mtaalamu huandika kwenye fomu yake kwamba mama ana “uelewa mdogo wa lishe”. Uelewa anao. Anajua vizuri kuliko mtaalamu nani nyumbani kwake atakula nini.

Na jambo hili halimhusu mtoto tu. Kwa kuwa nyumba hupika chungu kimoja, ladha ya mtoto na ya mume ndizo zinazoamua mama naye atakula nini. Akinunua brokoli kwa ajili yake mwenyewe, ataipika lini, katika sufuria gani, na ataila mbele ya nani?

Kwa hiyo swali la kwanza la mradi wowote liwe: nani atabeba hasara ya kujaribu? Mkijibu “mama mwenyewe”, mmerudi kwenye mabango. Mradi unaweza kuibeba hasara hiyo kwa njia nyepesi kabisa. Mboga mpya ionjwe kliniki, ikiwa imepikwa, mama na mtoto wakiwa pamoja, tena mara nyingi, siyo siku ya uzinduzi wakati wapiga picha wapo. Watoto waionje shuleni mara kumi kabla haijaingia kwenye orodha ya mama ya sokoni. Zao jipya lisiuzwe kwa mafungu makubwa mpaka watu wameshalizoea. Hayo ni matumizi ya fedha za mradi yasiyopendeza kwenye ripoti, kwa kuwa chakula kinachotemwa hakina safu yake kwenye jedwali. Iwekeni hiyo safu.

Swali la pili ni pesa yenyewe. Hapa tuna ushahidi mzuri, na nitachukua mifano miwili niliyo na uhakika nayo, yote ya Marekani, kwa kuwa huko walipima kwa makini.

Wa kwanza ni wa Los Angeles. Dena Herman na wenzake walichapisha mwaka 2008, katika jarida la American Journal of Public Health, matokeo ya utafiti uliowaandikisha wanawake 602 wenye kipato kidogo waliokuwa wamejifungua karibuni. Wote walikuwa katika WIC, mpango wa serikali ya Marekani wa chakula kwa kina mama, watoto wachanga na wadogo. Kundi moja lilipewa vocha za dola 10 kwa wiki za kununua matunda na mboga kwenye soko la wakulima. Kundi la pili lilipewa vocha za kiasi hichohicho za kutumia katika duka kubwa. La tatu lilipewa vocha za vitu visivyo chakula. Mpango ulidumu miezi 6.

Wanawake walizitumia? Karibu asilimia 90 ya vocha zilitumika. Walinunua nini? Machungwa, tufaha, ndizi, nyanya, karoti na vingine vingi. Hawakuhitaji mtu wa kuwashika mkono sokoni. Ulaji wao ulipanda katika makundi yote mawili ya matunda na mboga, na kwa waliokwenda soko la wakulima ulipanda zaidi. Lakini kinachonivutia mimi ni kilichofuata. Miezi 6 baada ya vocha kusimama, watafiti walirudi, wakakuta ongezeko limebaki. Pesa ilikuwa imekatika, mazoea hayakukatika. Kwa maoni yangu hii inashabihiana na ile habari ya watoto na kuonja: vocha zilikuwa zimelipia kipindi cha kujaribu. Nyumba ilipata nusu mwaka wa kukosea bila kulala njaa.

Mfano wa pili ni wa kaunti ya Hampden, jimbo la Massachusetts, kati ya 2011 na 2012. Kaya 7,500 zilizokuwa zikipata msaada wa chakula wa serikali zilichaguliwa kwa bahati nasibu. Kila walipotumia dola moja kununua matunda au mboga zilizokubalika, senti 30 zilirudi kwenye kadi yao. Hakuna fomu ya kujaza wala foleni. Waliokuwa katika mpango huo walikula asilimia 26 zaidi ya matunda na mboga hizo kuliko wasiokuwemo. Kwa kipimo cha jikoni ni karibu robo kikombe kwa siku. Robo kikombe! Kuna watakaosema ni kidogo. Ni kidogo, kweli, na haifikishi mtu kwenye gramu 400. Ila nionyesheni bango lililowahi kuleta robo kikombe.

Hilo la bango nimelisema kwa jazba, na haki inanitaka nirekebishe kidogo. Elimu ikitolewa vizuri huzaa. Katika jimbo la Maryland, miaka ya 1990, vituo 16 vya WIC vilishiriki katika mpango uliotumia wanawake wenzao kama waelimishaji, vikao vya mazungumzo, na barua zilizotumwa nyumbani. Ulaji uliongezeka kwa kipimo 0.56 kwa siku kwa walioelimishwa, na 0.13 kwa kundi la kulinganisha. Tofauti haifiki nusu ya kipimo, lakini ipo, tena waelimishaji hawakuwa madaktari wenye koti jeupe. Walikuwa wanawake wa maisha yaleyale, ambao mtu anaweza kuwauliza bila aibu: wewe unapika vipi hii, na mume wako alisemaje?

Meksiko iliunganisha mambo hayo mawili. Mpango wa Progresa ulioanza mwaka 1997 uliwapa kina mama wa vijijini pesa taslimu mkononi mwao, na ukawataka wahudhurie vikao vya afya na lishe. Tathmini zilionyesha kaya hizo zikila matunda, mboga na vyakula vitokanavyo na wanyama zaidi ya kaya zisizokuwemo. Watafiti waliochambua takwimu hizo waliona kwamba pesa haikufanya kazi peke yake. Vikao navyo vilikuwa na mchango wake. Mwenye uwezo wa kununua ana sababu ya kusikiliza. Ndiyo maana nilisema maneno yafuate. Yakitangulia, mama anasikiliza habari za kitu asichokuwa na namna ya kukinunua, na safari nyingine haji.

Sasa, ndugu zangu wasimamizi wa miradi, ruzuku ina magonjwa yake. Ugonjwa mkubwa ni kusahauliwa. Uingereza ina mpango uitwao Healthy Start, wa wajawazito na wenye watoto wadogo wenye kipato cha chini. Thamani ya vocha yake ilikuwa pauni 3.10 kwa wiki tangu 2009, ikakaa hapohapo mpaka ilipopandishwa kuwa 4.25 mwaka 2021. Miaka yote hiyo bei ya chakula haikuwa imekaa ikingoja. Huko Marekani, WIC ilipoanza kutoa fungu maalumu la matunda na mboga mwaka 2009, kiasi kilikuwa kidogo mno. Kufikia mwanzoni mwa 2021 mama alikuwa akipata dola 11 kwa mwezi, pungufu ya senti 40 kwa siku. Wakati wa janga la korona kiasi hicho kilipandishwa, na kuanzia Oktoba 2021 mjamzito akawa anapata dola 43 kwa mwezi na anayenyonyesha dola 47. Kanuni ya mwaka 2024 ikafanya nyongeza ya namna hiyo kuwa ya kudumu na kufuata mfumuko wa bei. Kwa hiyo mkiandika mkataba wa mradi, kifungu cha kufuata bei sokoni kiwemo tangu siku ya kwanza. Baadaye hakuna atakayekuwa na hamu ya kukiingiza.

Kuna jambo jingine katika mabadiliko hayo ya 2009 ambalo halitajwi sana, nalo ni la maduka. Duka linalotaka kupokea malipo ya WIC lilitakiwa kuwa na angalau aina mbili za matunda na aina mbili za mboga. Aina mbili ni sharti dogo, lakini maduka madogo ya mitaa maskini, ambayo rafu zake zilikuwa na chipsi na vinywaji, yalilazimika kuleta ndizi na karoti. Mwenye duka mdogo naye ana hofu yake: akileta nyanya zikaoza, hasara ni yake. Vocha ilipomhakikishia wanunuzi, hofu ikapungua. (Kulikuwa na mzozo wa kiazi cheupe: kilizuiwa kununuliwa kwa fungu hilo la WIC 2009, kikarudishwa 2015 baada ya Bunge la Marekani kuingilia kati. Wakulima wa viazi wana sauti kubwa kuliko wajawazito. Nadhani hilo halimshangazi mtu humu ndani.)

Muda. Tunazungumza juu ya mboga kana kwamba zinaingia chunguni zenyewe. Kuchambua, kuosha, kukatakata, kuwasha moto, yote ni kazi ya mtu mmoja, na mtu huyo ametoka kazini amesimama siku nzima. Hapa nina ugomvi na wenzangu wa lishe wanaosisitiza neno “freshi”. Mboga zilizogandishwa zina virutubisho vinavyokaribiana na vya mboga mbichi, na wakati mwingine huzidi zile zilizokaa siku kadhaa safarini na rafuni. Haziozi kesho, na zimeshakatwa. Asiye na friji ana za makopo: achague zenye chumvi kidogo au azisuuze kwa maji, na matunda yawe yaliyowekwa kwenye juisi yake, siyo kwenye sharubati ya sukari. Mpango wa Hampden ulikubali mbichi, zilizogandishwa, za makopo na zilizokaushwa, mradi zisiwe zimeongezwa sukari, chumvi wala mafuta. Ruzuku inayoruhusu mboga mbichi tu inamwambia mama: tutakusaidia ukiwa na muda.

Kuhusu mapishi nitasema machache. Vitamini C na foleti huyeyuka kwenye maji na kuharibika kwa moto mrefu, kwa hiyo maji yawe kidogo, mfuniko uwepo, zitolewe mapema, na yale maji yasimwagwe. Karoti na mboga za kijani kibichi zilizokolea zinahitaji mafuta kidogo ili mwili upate vitamini A yake. Na badala ya kumletea mama pishi jipya, mwulizeni anapika nini siku zote, kisha ongezeni karoti au majani humohumo.

Nilisema nitarudi kwenye siku 28. Angalieni miradi niliyoitaja: wajawazito, waliojifungua, wanaonyonyesha, wenye watoto wadogo. Katika WIC, mama asiyenyonyesha huhudumiwa hadi miezi 6 baada ya kujifungua. Anayenyonyesha hadi mtoto afikishe mwaka. Kisha anatoka, mtoto anabaki hadi atimize miaka mitano. Naelewa fedha ni chache na mtoto ana kipaumbele. Lakini tazameni mantiki yake. Tunamlisha mwanamke pale tu mwili wake unapokuwa nyumba ya mtu mwingine. Msichana wa miaka 19 ambaye hana mtoto hayumo, na yeye ndiye atakayeshika mimba mwaka kesho, siku 28 zikapita hajajua. Mwanamke wa miaka 50 anayelea wajukuu, mwenye presha inayopanda, hayumo. Hata kama shabaha yetu ingekuwa watoto peke yao, tunafika tumechelewa. Na mimi sikubali kwamba watoto ndio sababu pekee. Mwanamke ana haki ya kula chungwa kwa sababu analitaka.

Hilo linanipeleka kwenye upimaji. Tafiti nyingi huuliza: jana nyumbani mlipika nini? Jibu la swali hilo halisemi mama alikula nini. Katika kaya nyingi anayepakua ndiye anayebakiwa na kilicho chini ya sufuria, na tunda likiwa moja, linakatwa vipande kwa ajili ya watoto. Ukiingiza matunda nyumbani bila kuzungumzia nani anayala, utakuwa umewalisha watoto na baba, jambo jema, ila ripoti yako itaandika “wanawake walionufaika”. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na wadau wake, lilitoa mwaka 2016 mwongozo wa kipimo rahisi kinachomlenga mwanamke mwenyewe wa miaka 15 hadi 49. Kinauliza alichokula yeye katika saa 24 zilizopita, kwa makundi 10 ya vyakula. Wanawake wanaofikia makundi 5 au zaidi huhesabiwa kuwa na uwezekano mkubwa wa kupata virutubisho vinavyowatosha. Makundi 4 kati ya hayo 10 ni ya matunda na mboga. Hakihitaji maabara. Kinahitaji mhojaji anayeweza kukaa na mama mahali ambapo mama mkwe na mume hawasikii majibu.

Na tafadhali, kadi badala ya karatasi. Mama anayetoa vocha ya karatasi dukani, foleni ikamgeukia, keshia akapaza sauti kumwita msimamizi, huyo atanunua mara moja na hatarudi tena. Kadi inayofanana na kadi nyingine zote ina thamani kuliko vipeperushi elfu. Vilevile pesa itoke kwa wiki ikiwezekana, kwa kuwa matunda hayangoji mwisho wa mwezi, na fungu la mwezi mzima humezwa na dharura ya kwanza inayobisha hodi.

Muda wangu umekwisha. Mwenyekiti ameshanionyesha saa mara mbili. Najua wataalamu mna maswali juu ya takwimu, na nitayajibu, lakini kipaza sauti kianzie safu za nyuma walikokaa kina mama. Waanze kwa kutuambia kipi kati ya haya niliyoyasema hakitawezekana nyumbani kwao, kisha wengine tutafuata.